Kumbe Hakikuwa Kiburi

Katika kila kijiji na kila mtaa wa mji yupo mtu apitaye njiani bila kuwaamkia watu. Majirani huulizana: "Huyu naye ajiona nani?" Mmoja hujibu: "Amesoma sana, kichwa kimemvimba." Neno hilo likisha kutoka kinywani halirudi tena. Mtu huyo ataitwa mwenye kiburi mpaka siku ya kuzikwa kwake. Leo twataka kuwasimulia habari za mtu mmoja wa namna hiyo. Twamjua vema, kwa maana ni sisi wenyewe.

Jina tulilopewa utotoni

Tulizaliwa mwaka 1988 katika kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Moba. Jioni, wavuvi walipotoka na taa zao kwenda kuvua ndagala, watoto wenzetu walicheza mchangani. Sisi tulikaa juu ya jiwe tukizihesabu taa, na hesabu ya kila usiku tuliiandika kwa kaa katika ukuta wa jiko. Mama akituita kula, hatukumsikia. Lakini mvua ikilipiga bati la jirani, au wanawake wakitwanga karibu nasi, tuliziba masikio na kulia kama mtu aliyechomwa moto.

Maneno ya wakubwa nayo yalitushinda. Siku moja walikuja wageni kumposa dada yetu. Baba, akiogopa tusije tukasema maneno yasiyofaa mbele yao, alituonya: "Leo uuzuie ulimi wako." Basi tukaushika kwa vidole viwili, tukakaa hivyo mbele ya wageni mpaka mate yakatiririka kifuani. Wageni walicheka; baba hakucheka. Usiku ule tulipigwa fimbo kwa kosa la kumdhihaki mzazi, wala hatukuelewa kosa lilikuwa wapi, kwa kuwa tulikuwa tumetii.

Jambo moja lilitusitiri. Huko Ulaya, mtu akitaka kumtambua mtoto wa namna yetu, mojawapo la mambo ya kwanza ayaangaliayo ni kama mtoto humtazama mwenzake machoni. Kwetu sisi, mtoto azungumzaye na mkubwa huinamisha macho, na hiyo ndiyo adabu. Kwa hiyo sisi, ambao macho ya watu yalituchoma kama jua la mchana, tulisifiwa kuwa mtoto mwenye heshima. Salamu nazo tulijifunza kama tulivyojifunza hesabu za kuzidisha: habari za kuamka, habari za nyumbani, habari za kazi, habari za watoto, kila swali na jibu lake. Mtu akiufuata mpango, tulimjibu vizuri. Akiuliza neno lisilokuwamo katika mpango, tulinyamaza, ama tuligeuka na kwenda zetu. Hapo ndipo jina la kiburi liliposhika.

Tulipotimiza miaka 13 tuliingia seminari ndogo. Wenzetu wengi walilia kwa ajili ya saa zilizopangwa na kimya cha usiku. Sisi tuliona raha ambayo hatukuwahi kuiona. Kengele ilituumiza masikio, lakini dakika yake tuliijua, tukaweza kujiweka tayari. Na Kilatini kilikuwa kama nyumba ambayo kila chombo kina mahali pake. Taabu ilikuwa saa ya mapumziko, maana hapo hapakuwa na kanuni yo yote: mmoja anena, wanne wacheka, nasi hatujui wamechekea nini. Kila Jumamosi tuliungama dhambi ya kiburi, kwa kuwa wote walituambia tunayo. Tuliitafuta moyoni, hatukuiona, tukaiungama hivyo hivyo.

Baada ya miaka mitatu ya filosofia wakubwa wetu walituita, wakasema: "Akili unayo, lakini kuishi na wenzako huwezi." Tukarudi nyumbani na sanduku la vitabu. Hatuwalaumu. Walihukumu kwa yale waliyoyaona kwa macho.

Msiba wa baba mkwe

Tukawa mwalimu wa Kilatini na Kifaransa katika shule moja ya sekondari mjini Likasi. Mwaka 2015 tulioa. Baba wa mke wetu alikuwa mzee mpole aliyependa kukaa nasi barazani bila kusema neno, naye ndiye mtu wa kwanza ambaye kimya chetu hakikumchukiza. Alifariki mwaka 2019.

Wasomaji wajua msiba wa kwetu ulivyo: watu mia katika ua mmoja, vilio, ngoma, nyimbo katika vipaza sauti usiku kucha, na kila aingiaye hukukumbatia. Usiku wa kwanza tulistahimili. Usiku wa pili mwili wote ulitetemeka, maneno yakakauka kinywani, tukaona kama kichwa kitapasuka. Tukatoka kimya kimya, tukafuata barabara mpaka alfajiri tukihesabu nguzo za umeme.

Mbele ya ukoo, mkwe ameukimbia msiba. Walikaa baraza, wakatutoza mbuzi mmoja na kitenge. Tulilipa bila kubisha. Lakini baada ya siku chache mke wetu alituambia: "Baba watoto, mbuzi wamekwisha mla, mimi simlilii mbuzi. Nataka kujua: ulimpenda baba yangu, au hukumpenda?" Tulimpenda kweli. Tulitafuta maneno ya kujibu, hayakuja. Neno lililotoka kinywani lilikuwa hesabu ya zile nguzo: 214. Mke wetu aliondoka chumbani, na tangu siku ile ubaridi uliingia nyumbani mwetu.

Daktari aliuliza habari za nani?

Mwaka ule ule alizaliwa mtoto wetu wa pili, mvulana. Alipotimiza miaka mitatu alikuwa hajasema hata neno "mama". Alipanga vifuniko vya chupa kwa rangi zake, kutwa nzima, na mtu akikigusa kimoja, alijigonga kichwa ukutani. Shangazi mmoja akasema mtoto huyu si bure, ana kitu cha usiku. Alitaka apelekwe mahali fulani ambapo watoto hunyimwa chakula siku kadha wa kadha ili pepo wawatoke. Mke wetu alisimama mlangoni, akasema: "Mtoto wangu hatoki humu kwa njaa."

Kumsingizia mtoto uchawi ni jambo lililokatazwa katika nchi yetu kwa neno wazi. Katiba ya mwaka 2006 yalikataza katika kifungu cha 41, na sheria ya kuwalinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 yamtishia mwenye kufanya hivyo kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Hata hivyo watoto wangali wanafukuzwa majumbani, na baadhi yao ni wale wasiofanana na wengine.

Tulimpeleka mtoto Lubumbashi, safari ya kilometa zipatazo 120. Kwanza walipima masikio yake, wakaona anasikia vema. Kisha daktari alikaa nasi akauliza: je, mtoto huziba masikio akisikia sauti kali? Hukasirika ikiwa njia ya kila siku imebadilishwa? Hupenda jambo moja akasahau yote? Huyatwaa maneno kama yalivyo, asijue mzaha? Kwa kila swali mke wetu alimtazama mtoto, halafu akatutazama sisi. Mwishoni hakuweza kujizuia: "Daktari, samahani, wewe unauliza habari za mtoto au za baba yake?"

Daktari akaiweka kalamu mezani, akatukaribisha kurudi sisi peke yetu. Tulirudi mara mbili. Hakupima damu wala hakupiga picha ya kichwa, kwa maana hali hii haionekani katika damu wala katika picha. Hutambulika kwa kusimuliwa maisha ya mtu tangu utoto wake, na kwa kumtazama kwa makini. Alizungumza kwa simu na dada yetu aliyeko Moba, naye alimweleza habari za taa za wavuvi na habari ya ulimi. Siku ya pili, jioni, alisema: "Mwalimu, mtoto wako ana usonji. Na wewe pia unao, tangu kuzaliwa kwako." Ilikuwa mwaka 2023, nasi tulikuwa na miaka 35.

Njiani kurudi Likasi tuliona furaha kama ya mtu aliyetoka kizuizini. Kabla ya kufika nyumbani furaha imegeuka huzuni. Tulifikiri fimbo ya usiku ule, maungamo ya Jumamosi, na swali la mke wetu lililokosa jibu. Kama mtu angalijua mapema!

Usonji ni nini?

Usonji, ambao madaktari wetu wa Kongo wakifuata Kifaransa huuita otisimu, si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu, wala si malezi mabaya. Ni namna ya ubongo aliyozaliwa nayo mtu. Wenye usonji hawafanani wote. Wengine hawasemi maisha yao yote, wahitaji msaada wa kila siku. Wengine husoma, huoa, hufundisha, wala jirani hajui lo lote. Ndiyo sababu wataalamu husema juu ya wigo wa usonji, kama rangi za upinde wa mvua zifuatanazo bila mpaka.

Neno otisimu lilitungwa mwaka 1911 na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya "mwenyewe", lakini yeye alilitumia kwa ugonjwa mwingine. Katika miaka ya 1920 Bibi Grunya Sukhareva, daktari wa Moscow, aliandika habari za wavulana sita wa namna hii, ila wachache walimsikia. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11, na mwaka 1944 Hans Asperger wa Vienna akaeleza za wengine. Kisha ulikuja wakati wa giza. Kwa miaka mingi wataalamu wa Marekani na Ulaya waliwashtaki akina mama, wakisema mtoto amekuwa hivyo kwa kukosa upendo wa mamaye. Tuyaangalie haya tusije tukadhani kwamba sisi tu ndio tunaotafuta mtu wa kumlaumu: wao walimlaumu mama, sisi twamlaumu mchawi. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza mapacha wa Uingereza, wakaonyesha kwamba usonji hurithiwa kwa sehemu kubwa. Ndivyo ilivyo pia nyumbani mwetu.

Wako wasemao kwamba chanjo huleta usonji. Uvumi huo ulitokana na makala iliyotolewa Uingereza mwaka 1998, nayo gazeti lililoichapa liliifuta mwaka 2010. Wazazi wasiwanyime watoto chanjo kwa sababu hiyo. Surua iliyoenea Kongo tangu mwaka 2019 iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wachanga na wadogo.

Watu wazima kama sisi tulikuja kujulikana nyuma ya wote. Mwaka 1981 daktari Lorna Wing wa Uingereza, mwenyewe mama wa binti mwenye usonji, aliandika juu ya wale wenye akili na maneno mengi ambao hali yao haionekani upesi. Wengi wao wamejifunza kuificha kwa kuwaiga wengine, na kuiga kutwa nzima huchosha kuliko kulima. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule yenye wanafunzi 600 yaweza kuwa nao wanne au watano. Sisi tumefundisha miaka mingi, wala hatukumtambua hata mmoja. Tena mmoja wao tulimfukuza.

Kijana wa darasa letu

Mwaka 2021 alikuwako katika darasa letu kijana aliyeziba masikio kila kengele ilipolia, na asiyemwamkia mwalimu ila kwa kukumbushwa. Siku moja tuliandika ubaoni kwamba Julius Caesar aliuawa mwaka 45 kabla ya Kristo. Kijana akasema kwa sauti kubwa: "Umekosea, Mwalimu. Ni 44." Darasa lote likacheka. Tukamwamuru aombe radhi. Akajibu: "Lakini ni 44." Tulimpeleka kwa mkuu wa shule tukamshtaki. Kwa kosa gani? Kwa kiburi! Jina lile lile tulilopigwa nalo utotoni, tulimpiga nalo mtoto wa mwingine. Alifukuzwa majuma mawili, naye hakurudi tena.

Daktari alipokwisha kutuambia habari zetu, kijana huyu alitunyima usingizi. Tukamtafuta, tukamkuta sokoni akitengeneza redio na simu. Tukamwambia kwamba siku ile ya Jumatano tulimkosea mbele ya wenzake, nasi tumekuja kumwomba radhi. Hakuinua macho. Alisema: "Ilikuwa Jumanne, Mwalimu." Akakaza skrubu moja, kisha akaongeza: "Na ni 44." Tukakiri kwamba ni 44. Tulizungumza na wazazi wake na mkuu wa shule, na Septemba iliyofuata alirudi. Hukaa karibu na mlango, na huruhusiwa kutoka dakika moja kabla ya kengele. Shule haikuanguka kwa dakika hiyo.

Kila mtu na kazi yake

Mtoto wa kwanza katika wale 11 wa Kanner alikuwa Donald Triplett, mzaliwa wa mwaka 1933, wa mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi. Mwaka 1942 wazazi wake walimpeleka kukaa na mtu na mkewe waliokuwa wakulima. Mtoto alipenda kupima na kuhesabu vitu bila kukoma. Wale wakulima hawakumpiga. Walimpa kisima achimbe na kupima kina chake, wakamwachia ahesabu mistari ya mahindi huku analima. Baadaye alisoma chuo kikuu, akafanya kazi katika benki ya mji wake miaka mingi, na watu wa mji walimjua na kumkubali hivyo alivyo. Alifariki mwaka 2023, mwenye miaka 89.

Tulimsimulia habari hii shemeji yetu mkubwa, tulipokwenda pamoja na mke wetu kuwaeleza wakwe maneno ya daktari. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakusema neno. Lakini mwaka 2024, alipofariki mama mdogo wa mke wetu, shemeji alitungoja penye lango la ua, mkononi ana daftari na kalamu. Akasema: "Shemeji, meza yako iko kule chini ya mwembe, mbali na vipaza sauti. Utaandika michango: jina, fedha, unga, kuni, makaa. Mtu asikukumbatie ila umetaka."

Tulikaa siku tatu na usiku tatu, na katika daftari lile haikupotea hata faranga moja. Usiku wa tatu mke wetu alituletea chai. Tukamwambia neno lile tuliloshindwa kumwambia mwaka 2019, ya kwamba tulimpenda baba yake. Akajibu: "Najua, Baba watoto. Kunywa chai, inapoa."

Neno kwa wazazi na walimu

Wapenzi wasomaji, usonji hauna dawa ya kuuondoa, nasi hatuombi kuondolewa jinsi tulivyo. Mtoto wetu anao mwaka wa kujifunza kwa picha, na sasa asema maneno yapatayo kumi. Labda atasema mengi, labda hatasema. Lakini hakuna aitamkaye tena habari ya kitu cha usiku nyumbani mwetu.

Ninyi wazazi, mkiona mtoto haneni, au ajitenga, au alia kwa sauti zisizowaumiza wengine, mpelekeni kwa mganga wa hospitali kabla ya kuwasikiliza wenye uvumi. Kwanza apimwe masikio, kisha yaulizwe mengine. Ninyi walimu wenzetu, kabla ya kuandika neno "kiburi" katika karatasi ya mwenendo, mwiteni mwanafunzi peke yake, mahali pasipo kelele, mmwulize kwa maneno mepesi kilichompata. Nanyi mliokwisha kuwa watu wazima, mkijitambua katika maneno yetu, msione haya kutafuta ushauri. Kujua ukweli katika miaka 35 ni kuchelewa, lakini si bure.

Na yule apitaye njiani bila kuwaamkia, mwamkieni ninyi kwanza, kwa salamu fupi, wala msimkasirikie akikawia kujibu. Yamkini angali analitafuta jibu.